Kaya ya Nane ya Rwentuha

Kambini kwa Bwana Musallam,
Njia ya Haima, Mkoa wa Al Wusta, Oman.
14 Mei 2025

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Said, yule dereva wa lori la maji ambaye mama yake alizaliwa Unguja, aliipokea kwenye simu yake akiwa mjini, akaichapisha, akaniletea ikiwa imekunjwa ndani ya kilemba. Huku kambini simu haishiki kabisa, kwa hiyo njia yetu ni hiyo hiyo: mimi naandika, Said anapiga picha na kumtumia Evaristi wa dukani Kaisho, Evaristi anachapisha, na bodaboda anakushushia mbugani. Najua Evaristi anasoma kabla yako. Evaristi, za dukani?

Umeniuliza jambo ambalo hakuna mwingine ameniuliza tangu nije. Watu wanauliza mshahara, Mama anauliza nakula nini, wewe unauliza nchi ya jangwa inatawaliwaje. Nimecheka peke yangu mpaka ngamia wakageuka. Kweli wewe ni mwenyekiti wa kitongoji hata usingizini.

Basi sikiliza. Mkoa huu jina lake maana yake ni wa kati. Una wilaya nne, na wenyewe wanasema wilaya kama sisi. Mkuu wa wilaya wanamwita wali. Makao makuu ni Haima, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu, una hospitali, shule, ofisi za serikali na vituo vya mafuta. Ukiuacha huo mji unaingia kwenye tambarare ya changarawe isiyo na mwisho. Kagera yetu ingeingia humu mara mbili na nafasi ikabaki, lakini watu wote wa mkoa hawafiki hata robo ya watu wa Kyerwa. Siku ya kwanza nilitafuta kilima cha kupumzishia macho, nikakosa.

Wenyeji wanafuga ngamia na mbuzi. Jirani wa karibu wa tajiri wangu, Bwana Musallam, ni mwendo wa asubuhi nzima kwa gari, na bado wanaitana jirani na wanajua mbuzi wa nani amezaa. Hapo nikawakumbuka ninyi. Ngamia nawaita kwa sauti ile ile unayowaitia ng'ombe jioni, nao wamezoea. Bwana Musallam anasema sasa hawaelewi Kiarabu.

Ng'ombe wangu Bihogo hajambo? Mwambie mwenyewe bado yupo. Mkataba wangu unaisha mwezi wa tatu mwakani.

Ni mimi mwanao,
Dastan


Rwentuha, njia ya Bugomora,
Kyerwa.
2 Juni 2025

Mwanangu Dastan,

Marahaba. Mama yako Eseri anakusalimu na anauliza tena unakula nini, kwa sababu hukujibu. Unaona sasa? Swali langu la utawala umelijibu kurasa mbili, swali la mama yako hukuligusa. Nimekaa siku nzima nikitazamwa vibaya kwa kosa lako.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nilipofika pale unaposema ulitafuta kilima ukakosa, niliinuka nikatoka nje kukitazama kile chetu cha upande wa Kaisho. Kipo. Ukungu ulikuwa umelala bondeni na kichwa chake kikawa juu peke yake. Nilitamani ungekuwepo, nasema wazi.

Sasa nikueleze kwa nini niliuliza. Sikuuliza kwa kutaka elimu. Kijiji kinataka kukiunganisha kitongoji chetu na kile cha Kihinga. Wanasema sisi wa Rwentuha tumebaki wachache, na mwenyekiti wa kaya chache ni mtu wa kukalia kiti bure. Na ni kweli tumepungua. Projestus amehamia kwa wanawe Mabira. Nyumba ya mzee Niyitegeka imeanguka paa. Wanaobaki wanasema shule iko mbali na barabara ni ya matope. Ukisimama kwenye kichuguu jioni na kuhesabu moshi, ni majiko sita.

Wengine wanasema jina tu hilo, Gozbert, kwani Kihinga kuna ubaya gani. Ubaya ni huu. Kihinga ni watu wa migomba na kahawa, watu wema, lakini siku tukiwa chini yao, mbuga hii itaitwa eneo la wazi la Kihinga, na eneo la wazi linagawiwa. Halafu mtu akitoka ugenini anauliza Rwentuha iko wapi, anaoneshwa shamba la maharage. Baba yangu aliingiza ng'ombe humu wakati korongo wenye taji walikuwa wengi kuliko watu, ndiyo maana pakaitwa Rwentuha, mahali pa korongo. Mimi sitaki niwe mwenyekiti aliyepoteza mahali pazima.

Kwa hiyo nijibu: hao watu wachache wa jangwani, mbona hawaunganishwi na wengine? Wali wao anatoa hoja gani?

Bihogo hajambo. Ana mimba changa na ana kiburi. Kila asubuhi anapita kwanza mlangoni kwako kabla ya kwenda malishoni, na mama yako anamruhusu.

Baba yako,
Gozbert, Mwenyekiti wa Kitongoji


Kambini, njia ya Haima.
27 Juni 2025

Baba, shikamoo.

Mama, shikamoo. Nakula wali, samaki mkavu na maziwa ya ngamia. Maziwa ni mepesi na yana chumvichumvi. Hayanuki moshi. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko joto: maziwa yasiyonuka moshi. Huku hawafukizi vibuyu, wanakamulia kwenye bakuli na kunywa wamesimama. Juzi nilichoma vijiti vya mti wao mmoja nikafukiza kopo la maziwa ya unga, nikamimina, nikafumba macho. Haikuwa yenyewe, Mama. Ila kwa dakika moja nilikuwa jikoni kwako.

Baba, swali lako nilimpelekea Bwana Musallam tukiwa tunangoja ndama wa ngamia. Yeye ni mtu wa maneno machache na Kiarabu changu ni cha kuokota, ila Said alikuwepo akatafsiri. Alishangaa kwamba swali hilo limetoka kwa mchungaji wa ng'ombe. Akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema:

"Penye watu wengi, serikali inahesabu vichwa. Penye watu wachache, inahesabu umbali. Sisi tukihama hapa, nani atajua kwamba hapa ni mahali?"

Kisha akanionesha mambo. Basi la shule linazunguka changarawe kufuata watoto wa mahema machache. Watoto wa mbali zaidi wanalala huko huko shuleni. Lori la Said linaleta maji kwa familia moja kwa safari inayokula mafuta kuliko thamani ya maji yenyewe. Kila kabila lina shehe wake, na neno lake linafika kwa wali.

Asubuhi nyingine ukungu unakuja kutoka baharini, mbali sana, unatambaa juu ya changarawe mpaka unatufunika. Miti inadondosha matone, mbuzi wanalamba mawe. Siku hizo ndizo mbaya kwangu. Nafungua macho, naona ukungu, naanza kusikiliza kengele ya Bihogo. Kisha jua linapanda na kuniambia nilipo.

Umesema Projestus amehama. Hukuniambia kabla. Je, kuna mengine?

Mwanao,
Dastan


Rwentuha.
20 Agosti 2025

Mwanangu Dastan,

Marahaba. Mengine hayapo. Mapya tu.

Maneno ya Bwana Musallam niliyaandika kwenye kiganja, nikaenda nayo kwenye mkutano wa kijiji. Nilingoja wamalize habari za josho na choo cha shule, nikasimama nikawaambia: penye watu wachache, serikali inahesabu umbali. Nikadhani nimeshinda. Kisha mmoja wa nyuma akauliza kama tunataka na sisi tuletewe ngamia, na mkutano wote ukacheka mpaka mtendaji wa kijiji akafunika uso kwa karatasi zake. Na mimi nilicheka, nifanyeje? Jioni nilimweleza mama yako, akasema ningevaa koti jeusi wasingecheka.

Lakini halikupotea bure. Mtendaji alinifuata nje. Ni kijana mstaarabu. Akasema, "Mzee, mimi sina ugomvi na Rwentuha, ila siwezi kutetea majiko sita. Nioneshe kaya nane kabla ya kikao cha mwezi wa pili, zenye watu wanaoishi kweli, nitakuwa na kitu cha kusema." Tukapeana mkono.

Kaya nane. Nina mpango. Sitauandika hapa kwa sababu duka la Evaristi lina masikio. Evaristi, usinune, unajua ni kweli.

Siku hizi nakaa sana kwenye kichuguu chako, pale ulipokuwa unatafuta mtandao. Nakukumbuka ukiwa umeinua simu juu kama mtu anayemwonesha mtoto kwa padri. Tulikuwa tunakucheka. Sasa napanda mwenyewe, bila simu, nakaa tu.

Mama yako anasema kyanzi chako, kile chombo cha maziwa cha mti alichokichonga babu yako, anakiosha na kukifukiza kila wiki pamoja na vingine. Hakitiwi maziwa, lakini hakijapoa.

Baba yako,
Gozbert


Kaisho, Dukani.
11 Septemba 2025

Ndugu Dastan,

Yah: Habari za nyumbani

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi huwa siongezi neno kwenye barua za watu, hilo unalijua na Mungu analijua. Lakini leo hakuna barua ya mzee ya kutuma, na mimi nimeona jambo kwa macho yangu, nikasema kumnyima mtu habari ya mali yake si utu.

Nakupa pole. Jumapili baada ya misa nilishuka Rwentuha kupeleka karatasi za kanisa. Nikakuta watu wamekusanyika uani kwenu, pombe ya rubisi imetengwa, kahawa ya kutafuna inazunguka. Mzee alikuwa anamtoa Bihogo. Ndiyo, Bihogo wako, yule mwekundu wa kahawa iliyokaangwa. Amempa Sibomana, yule kibarua aliyekuwa anapalilia migomba ya watu hapa Kaisho, pamoja na mke wake Speciose. Nao wamehamia mbugani na watoto, wamejenga pale ilipokuwa nyumba ya Niyitegeka. Sibomana alipewa kamba mkononi, akamwongoza ng'ombe akaondoka naye. Mama yako alikuwa analia.

Mimi kwetu ni watu wa kahawa, mambo ya ng'ombe siyajui kwa undani. Lakini kwa jinsi watu walivyoweka vikombe chini, nilijua ni jambo kubwa.

Biashara ni nzuri kiasi.

Wako mtiifu,
Evaristi


Kambini.
15 Septemba 2025

Baba, shikamoo.

Nimepata habari ya Bihogo. Sikuipata kwako.

Wewe ndiye uliyenifundisha. Nilikuwa mdogo, tunarudi kunywesha, ukanionesha ng'ombe wa Baba Mdogo Hagenimana aliyekuwa Mwanza. Ukasema ng'ombe wa msafiri hauzwi, hachinjwi, hagawiwi. Siku akitolewa zizini, ujue wa nyumbani wameacha kumngoja mwenyewe. Babu alipochoka kungoja, alimtoa yule ng'ombe, na Baba Mdogo alipopata habari hakurudi tena. Alifia huko huko. Nilikuwepo siku ng'ombe yule alipotolewa, Baba. Nakumbuka bibi alivyolia.

Na sasa naambiwa Mama alikuwa analia.

Sina hasira na Sibomana. Simjui. Nawaza tu kwamba nimekaa huku nikihesabu Bihogo atazaa lini, kumbe huko mmeshahesabu kwamba mimi sirudi. Labda nimekaa sana. Labda majiko yakiwa machache mtu hawezi kuendelea kuweka nafasi ya asiyekuwepo. Naelewa. Lakini nimeumia, na siwezi kuandika kwamba sikuumia.

Kuna jambo sikuwaambia. Tangu mwezi wa saba Bwana Musallam ananiomba nibaki miaka mitatu mingine. Karatasi iko kwenye sanduku langu. Nilikuwa namzungusha. Nadhani sasa nitaweka sahihi.

Nisalimie kilima.

Dastan


Rwentuha.
29 Septemba 2025

Dastan,

Weka kalamu chini. Kama umeshaishika, iweke chini kwanza unisome.

Nimetoka Kaisho kwa miguu kwa sababu nilikuwa na hasira na sikutaka kupanda bodaboda ya mtu nikamtukana njiani. Evaristi nimemwambia niliyomwambia. Amelia, ameomba radhi, ameahidi barua hii ataituma bila kuisoma, jambo ambalo hawezi. Evaristi, soma basi, uelewe.

Mwanangu, umeshika nusu ya desturi. Nusu nyingine hukuifikia kwa sababu aliyepaswa kukufundisha ni mimi na sikufikiri kwamba ungeihitaji ukiwa mbali.

Babu yako alipomtoa ng'ombe wa Hagenimana, alimtoa kwa jina lake mwenyewe, kama mzee wa nyumba. Hakuna aliyetajwa. Huko ndiko kuacha kumngoja mtu. Mimi nilisimama uani, nikashika kamba, nikasema mbele ya watu wote: "Ng'ombe huyu hatolewi na Gozbert. Anatolewa na Dastan, aliye safarini, na mkono huu ni wa kumshikia tu." Evaristi alikuwa ananywa rubisi, hayo hakuyasikia.

Unajua maana yake? Mtu aliyepewa ng'ombe anarudisha ndama jike wa kwanza kwa aliyempa, mkono kwa mkono, wala harudishi kwa baba yake, kwa mama yake au kwa mtendaji. Sibomana ni Mrundi, kwao wana desturi hiyo hiyo, na yeye ndiye aliyeitamka kabla sijamaliza. Alisema huyo ndama atamfuga hata miaka kumi kama ni lazima, lakini kamba yake haitashikwa na mtu mwingine ila wewe. Ndipo mama yako alipolia. Alilia kwa furaha, na kidogo kwa sababu ya Bihogo, maana alimzoea mlangoni.

Kwa hiyo sikuacha kukungoja. Nimekufunga. Nimemfunga na Sibomana kwako, na nimeifunga Rwentuha kwenu wote wawili. Nilihitaji kaya, na mtu haachi kibarua cha uhakika Kaisho aje kukaa mbugani kwa maneno matupu. Anakuja kwa ng'ombe. Na mimi sikuwa na ng'ombe mwenye uzito huo isipokuwa wako.

Nilipaswa kukuuliza. Niliogopa ungesema hapana, na niliogopa zaidi ungesema chukua tu, mimi sina haja naye. Hilo la pili lingeniua.

Kuhusu miaka mitatu sitasema kitu. Wewe ni mtu mzima. Ila mama yako nimemsomea, na tangu jana anafagia nyumba yako.

Baba yako,
Gozbert


Rwentuha.
23 Novemba 2025

Mwanangu Dastan,

Bado hujajibu. Evaristi anasema ujumbe ulimfikia Said, alama mbili za kufika kwenye simu yake ananionesha kila nikienda. Nami naenda kila siku ya soko.

Senene wameanguka. Wengi, kama mwaka ule ulipomwaga ndoo nzima kitandani kwa dada yako. Mama yako amekaanga, ametenga zako kwenye kopo, amefunga kwa plastiki. Nilimwambia zitaharibika. Akaniuliza kama nimekuwa daktari wa senene.

Speciose amepanda migomba mitano karibu na kisima. Migomba Rwentuha. Baba yangu angefufuka akaifyeka. Lakini asubuhi nimeona moshi wa jiko la saba, nikasimama nao kwa muda.

Sibomana kila jioni anamwimbia Bihogo kwa Kirundi. Maneno siyashiki yote, lakini jina lako lipo.

Baba yako


Rwentuha.
9 Februari 2026

Mwanangu Dastan,

Bihogo amezaa jana alfajiri. Jike. Amezaliwa mweupe kabisa, masikio ndiyo yana wekundu kidogo wa mama yake. Amesimama upesi na ananyonya.

Kikao ni baada ya wiki mbili. Majiko ni saba.

Ni hayo tu.

Baba yako


Kambini.
13 Februari 2026

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo.

Sikunyamaza kwa hasira. Hasira iliisha siku niliyosoma barua yako ya Septemba. Nilinyamaza kwa aibu, na aibu haijui kuandika. Mara tatu nimempa Said karatasi na mara tatu nimeichukua kabla hajawasha lori.

Ile karatasi ya miaka mitatu bado iko sandukuni, haina sahihi. Bwana Musallam amenipa mpaka mwanzo wa mwezi wa tatu. Ni mtu mwema, Baba, na fedha ni nzuri, na ngamia wananijua. Sijui huko nitaanzia wapi. Nawaandikia ukweli, sijaamua.

Lakini habari ya ndama imenifanya nisilale. Huku kwenye hifadhi kuna choroa weupe, pembe ndefu, wanatembea kwenye ukungu mpaka unaona pembe peke yake. Kila nikiwaona nawaza ng'ombe wetu. Nimemfikiria huyo mweupe, nimepata jina. Nimeliandika kwenye kipande cha karatasi peke yake, Said ametuma picha yake baada ya hii. Mmwite hilo. Angalau awe na kitu kutoka kwangu.

Dastan


Rwentuha.
25 Februari 2026

Mwanangu Dastan,

Marahaba.

Jina limefika. Evaristi amelichapisha kwa herufi kubwa bila kutoza. Mimi nimelisoma, mama yako amelisoma, ni jina zuri. Mama yako amelikunja akaliweka ndani ya kyanzi chako, akafunika.

Hatujamwita. Jina la ndama halitumwi. Linasemwa sikioni na mwenye kamba, na kamba ni yako. Sibomana anamwita "wewe". Watoto wake wanamwita "mgeni". Ndama mwenyewe anaitika yote mawili, na ni vibaya mnyama wa ukoo wake kukua hivyo.

Sasa nikueleze ya mtendaji. Alikuja juzi na pikipiki kukagua kabla ya kikao, na mjumbe mmoja kutoka Kihinga nyuma yake. Tulitembea jiko kwa jiko. Kwa Sibomana walikuta sufuria inachemka, wakaandika saba. Nilijua tumekwama hapo. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuaga, mazuri kidogo.

Tukarudi kupita nyumba yako. Moshi ulikuwa unatoka.

Mtendaji akaniangalia, mimi nikamwangalia yeye, maana sikujua kitu. Tukaingia. Mama yako alikuwa amekaa kwenye kigoda, amewasha moto, sakafu imefagiwa, majani mapya yametandikwa, kyanzi chako kiko mahali pake kimefunikwa. Yule wa Kihinga akauliza nani anaishi hapa. Mama yako hakuinuka. Alisema:

"Mwenyewe yuko safarini. Maziwa yake yako kwa jirani, na jirani hawezi kuyatoa kwa mwingine. Muulizeni Sibomana."

Wakamuuliza Sibomana. Sibomana akamleta ndama mpaka mlangoni, akasimama naye pale, akaeleza ndama ni wa nani. Yule wa Kihinga akavua kofia, kumbe bibi yake alitoka kwa wafugaji wa ng'ombe. Mtendaji akafungua tena karatasi zake. Kisha akanipa kalamu, akasema kiongozi wa kaya ajazwe na mwenyekiti.

Kikao kimepita jana. Rwentuha imebaki Rwentuha. Mtendaji amesema atarudi kiangazi kikiisha, kutazama kama kaya zote zina watu kweli.

Nimeandika jina lako, mwanangu. Kaya ya nane, Dastan Gozbert, mfugaji, yuko njiani. Katika miaka yote ya uenyekiti sijawahi kuiandikia serikali uongo.

Usinianzishe uzeeni.

Baba yako,
Gozbert, Mwenyekiti wa Kitongoji cha Rwentuha


Haima, kituo cha mafuta.
3 Machi 2026

Baba, shikamoo.

Naandika nikiwa nimeegemea lori la Said. Limemwaga maji yote, linarudi tupu, na nafasi ya mbele ni yangu.

Jana nilimrudishia Bwana Musallam karatasi yake. Aliuliza kama ni fedha, nikasema hapana. Akauliza kama kuna msiba, nikasema hapana. Nikamwambia nyumbani kuna ndama wangu ambaye hajapewa jina. Akawatazama ngamia wake. Alikwenda akakamua, akaniletea bakuli, tukanywa tumesimama.

Asubuhi ukungu ulikuja tena. Nilisikiliza kengele kama kawaida yangu, na kwa mara ya kwanza sikuona vibaya kutoisikia.

Mwambie Sibomana aishike kamba kidogo. Mwambie Mama asiuzime moto.

Dastan